Sauti Iliyopita Kwenye Mbao

Alhamisi ya tarehe 12 Machi 2015, mke wa fundi makochi anayejulikana kwa jina la Sponji aligongewa muhuri wa kutoka nchini, akapanda ndege kwenda kuuguza wazee wa watu wengine. Muhuri huo upo kwenye pasipoti yake hadi leo na yeyote anaweza kuusoma. Kisichosomeka popote ni ahadi waliyowekeana kwenye mlango wa vioo wa uwanja wa ndege, mizigo ikiwa imeshapimwa: kwamba hata mambo yawe vipi, mume asimwambie mkewe njoo.

"Ukisema njoo, nitakuja," mke alimwambia. "Najijua. Na nikija kabla ya wakati, mtoto hatasoma. Kwa hiyo usiseme."

Sponji hakusema. Mke alirudi likizo mara mbili, na mara zote mbili alisindikizwa tena hadi kwenye mlango uleule wa vioo bila neno hilo kutamkwa. Mwaka jana binti yao wa pekee alimaliza chuo, akaajiriwa kwenye maabara ya hospitali katika mji mwingine. Sababu ya ahadi ikawa imeisha, ila ahadi yenyewe hakuna aliyeifuta.

Mwanzoni mwa mwezi huu mke alipiga simu mchana, saa yake ya kupumzika.

"Mkataba unaisha," alisema. "Wanataka jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Naongeza miaka miwili au siongezi."

"Aa."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Sijawaambia kitu."

Sponji alikuwa na misumari midogo mdomoni, kama kawaida yake akiwa kazini. Alitoa mmoja, akaugongelea kwenye fremu iliyokuwa mbele yake. Mke alisikia nyundo akacheka. Kisha, kana kwamba habari ya mkataba ilikuwa imeshapita, akauliza:

"Ule wimbo wako bado unaupiga, fundi?"

Sponji alitema misumari kwenye kiganja, akaangua gitaa lake kavu, lisilo la umeme, kutoka ukutani, akaiegemeza simu kwenye kopo la gundi na kuanza kupiga. Hakufika katikati.

"Basi, basi. Hapo naisikia simu, wewe sikusikii. Inalia kama waya wa kuanikia nguo. Hebu nirekodie vizuri, kwa maiki ya watu. Nataka ile sauti ya zamani. Ile iliyoshiba."

Kwa miaka yote ambayo mkewe amekuwa mbali, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza lisilohusu mtoto wala paa linalovuja. Sponji aliliwaza siku nzima. Jioni, wakati wa kufunga, akamweleza dada yake mkubwa, ambaye hushona vitambaa vya makochi kwenye karakana hiyohiyo.

"Kwa hiyo unataka gitaa liseme njoo, wewe usiseme," dada alisema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Wewe lini umewahi kusema? Siku uliyozaliwa mkunga alikupiga makofi mawili ndipo ukalia, na ukalia kwa kunong'ona."

Karakana yao iko kati ya mchonga funguo na duka la kutoa fotokopi, kwenye barabara ya lami yenye magari mengi. Mbele, penye mwanga, kuna cherehani ya dada. Katikati kuna meza ya kukatia na makochi ya wateja, mengine yamevuliwa hadi springi zinaonekana, mengine yamevikwa nusu kama mtu aliyeitwa mlangoni kabla hajamaliza kuvaa. Nyuma kuna mlango usio na ubao, fremu tupu, unaoingia stoo. Na pembeni ya mlango huo kuna kochi la kijani la watu watatu, mikono yake minene, miguu yake mifupi, mtindo ambao hakuna mteja anayeuagiza tena. Hilo haliuzwi. Linaitwa kochi la mama, na mteja akiliulizia bei dada hujibu kabla ya Sponji: "Hilo lina mwenyewe, yuko safarini."

Sponji ana miaka hamsini na kitu. Jina alipewa na wateja kwa sababu hawezi kupita kwenye kitu laini bila kukibonyeza kwa dole gumba na kuangalia kinavyoinuka. Kucha za mkono wake wa kushoto ni fupi, za kulia ni ndefu, na wateja wapya huzitazama kwa wasiwasi mpaka waambiwe kwamba ni za gitaa. Wimbo anaoulizwa na mkewe hauna maneno wala jina. Aliutunga mwenyewe alipokuwa kijana asiye na mke, amepanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, chumba kilichotenganishwa na cha jirani kwa ukuta wa mbao.

Jirani alikuwa mama mmoja mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiishi na mtoto wa dada yake. Sponji hakuwahi kumwona huyo msichana vizuri, kwa kuwa alikuwa anatoka alfajiri na kurudi baada yake. Alijua tu kwamba yupo, kwa kikohozi na kwa mlio wa pasi ikiwekwa chini. Jioni moja, akiwa anapiga wimbo huo, alikosea mahali, na ukuta ukagongwa mara mbili. Akadhani anaambiwa anyamaze. Alilifunga gitaa kwenye gunia, wiki nzima hakuligusa, mpaka yule mama alipomsimamisha penye bomba la maji.

"Wewe kijana, kwani gitaa limekufa?"

"Hapana, mama. Si mlinigongea?"

"Aliyekugongea alitaka upige tena. Sasa ni wiki ya pili ananinunia mimi kana kwamba ndiye niliyekata nyuzi."

Kuanzia hapo kugonga mara mbili kukawa na maana ya tena. Msichana alikuwa anakaa chini baada ya kazi, ameegemeza mgongo kwenye mbao, na wimbo ukimpitia mgongoni. Mwaka uliofuata walioana. Mwenye nyumba akawaruhusu kuondoa ukuta ili vyumba viwili viwe kimoja.

Maiki za kurekodi hazipatikani mtaani kwao. Mwenye nazo ni mtu mmoja anayekodisha spika za sherehe na mikutano, mnene, mpole, anayeitwa Mwangwi kwa sababu hurudia neno lako la mwisho kabla ya kukujibu. Duka lake linanuka vumbi lililopata moto na risasi ya kuunganishia nyaya.

"Nataka maiki ya gitaa kavu," Sponji alimwambia.

"Gitaa kavu. La jukwaani au la kurekodi?"

"La kurekodi. Iwe na sauti iliyoshiba."

"Iliyoshiba. Sisi huku tunaita sauti ya joto."

"Joto la nini?"

Mwangwi alitazama dari akitafuta mfano. "Si la jua. Joto la kitandani, umepanda pale mwenzako alipokuwa amelala, yeye ametoka sasa hivi."

Sponji aligeuka kutazama barabarani. "Hiyohiyo," alisema.

Walielewana hivi: Mwangwi angemwazima maiki moja baada ya nyingine, pamoja na kinasa sauti kidogo, mpaka apate inayomfaa. Sponji naye angevika upya benchi la dukani, ambalo sponji yake ilikuwa imekaliwa hadi ikawa kama mkate wa juzi.

Maiki ya kwanza ilikuwa kubwa, rangi ya fedha, ya kufungwa kwenye stendi. "Hii ina sikio kali," Mwangwi alionya. "Inasikia hata usichotaka isikie." Sponji aliiweka mbele ya gitaa kama alivyoelekezwa, usawa wa pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa, akapiga wimbo mzima, akautuma. Majibu ya mkewe yalikuja kesho yake kwa ujumbe wa sauti. Husikiliza kwa sikio moja tu, kwa sababu la pili ni la kengele ya bibi anayemuuguza.

"Nasikia kucha," alisema. "Nasikia shati lako linasugua gitaa. Nasikia na yule wa funguo anapiga tupa. Wote mpo, ila wewe mwenyewe sijui uko wapi."

Ya pili ilikuwa maiki ya waimbaji wa jukwaani, nyeusi, nzito kama ngumi, iliyobonyea kichwani kwa kuangushwa mara nyingi. Hii haikujali kucha wala shati. Ilitaka isogezwe karibu kabisa na nyuzi, na sauti iliyotoa ilikuwa nene. Sponji alifurahi. Mkewe hakufurahi sana.

"Afadhali hii. Lakini kwa nini unapigia ndani ya ndoo?"

Hapo Sponji akafanya kosa ambalo fundi makochi ndiye wa kulifanya. Maisha yake yote, kitu kikiwa kigumu dawa yake imekuwa sponji. Aliwaza kwamba ikiwa maiki ya fedha inachoma sikio, basi chumba kinataka kulainishwa. Aliingia stoo na gitaa, akapigilia mabamba ya sponji kwenye kuta zote nne, akaning'iniza mabaki ya mahameli juu ya dari, akatandika godoro chini. Ikawa kama kuingia ndani ya kochi.

Dada alikuja kuchungulia na futi yake shingoni. "Sasa umejishonea ndani kabisa. Nikuwekee zipu, au tutakuwa tunakulisha kwenye tundu?"

Gitaa lilipigwa, na kila noti ilifia pale ilipozaliwa. Sponji alilisikia hilo lakini akatuma vilevile, kwa sababu kazi ilimchukua siku nzima na mtu huona vigumu kukiri.

"Umehama?" mkewe aliuliza. "Mbona kama unapigia chini ya godoro?"

Mwangwi alipoelezwa alicheka hadi akaketi kwenye benchi lake lililokwisha. "Sauti si makalio, rafiki yangu. Haitaki pa kukalia laini. Inataka kitu kigumu cha kuegemea." Alipomaliza kujifuta machozi alikwenda nyuma ya duka akarudi na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Ilikuwa maiki ya utepe, ya zamani. Ndani yake, alieleza, mna ukanda wa madini mwembamba kuliko karatasi ya sigara, nao ndio unaotikiswa na sauti. "Usiipulizie. Usiiangushe. Ukitaka kupiga chafya, toka nje. Hii ndiyo niliyokuwa naificha."

Aliileta karakana mwenyewe, akaifunga mwenyewe. Sponji alikuwa ameshang'oa sponji zake. Alipiga wimbo mara moja. Waliporudia kuusikiliza, Mwangwi alifumba macho, na Sponji alipomuuliza, "Unaionaje?" alisahau kurudia neno. Nje mchonga funguo alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Hata dada aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Ilikuwa sauti ya duara, isiyo na ncha, kila uzi unasikika na hakuna unaokwaruza.

"Hiyo," dada alisema, "hata mimi ningerudi, na sijaenda popote."

Wakaituma. Mke hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Sponji alivika kiti kimoja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikivika kitambaa cha mteja mwingine. Jibu lilipofika alikuwa peke yake, amekaa kwenye kochi la kijani na kikombe cha chai.

"Ni nzuri," ilisema sauti ya mkewe. "Nzuri kabisa. Bibi wangu hapa nimemwekea sikioni, ametikisa vidole. Lakini, fundi, usikasirike. Siyo ile. Hapa umekaa mbele yangu unanipigia. Mimi zamani sikuwahi kukusikia kutoka mbele. Ulipoanza kukaa mbele yangu tulikuwa tumeshaoana, na ulikuwa unaona haya, unapiga haraka umalize. Ile niliyoipenda ilikuwa inakuja mgongoni. Basi, usihangaike. Labda haipo tena. Labda mimi ndiye niliyekuwa mwingine."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomtisha. Alikuwa anatafuta sauti ya kumwita, na mwenye kuitwa ameanza kuamini kwamba hakuna wa kuitwa.

Alikaa na kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akageuka, akaweka kiganja kwenye mgongo wa kochi na kuubonyeza kwa dole gumba, kwa mazoea tu, na chini ya kitambaa na sponji akazigusa mbao.

Ule ukuta haukupotea. Siku walipouondoa, Sponji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kazi, hakuwa na mbao nyingine za kutengenezea kochi lake la kwanza, kochi la kumkaribishia mke. Alitumia zilizokuwepo. Mgongo wa kochi ni ukuta. Kitako cha kochi ni ukuta. Limehamishwa nao kutoka nyumba hadi nyumba na kubadilishwa kitambaa mara kadhaa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukumbuka kilichomo ndani.

Asubuhi dada alipofika alimkuta ameshalilaza kochi kifudifudi na koleo mkononi, anang'oa pini.

"Unafanya nini?"

"Nalivua."

"Unalivika upya?"

"Hapana. Nataka mbao."

Dada aliweka chini mkoba wake. "Ngoja nielewe. Mwanamke anaulizwa kama atarudi kwake. Na wewe, mumewe, wiki hiyohiyo, unavunja kiti chake."

"Sauti anayoitaka imo humu, dada."

"Kuna njia nyingine. Mwambie njoo. Ni neno fupi, halihitaji nyundo."

"Niliahidi."

"Uliahidi mtoto akiwa shule. Sasa mtoto anavaa koti jeupe, anapima damu za watu."

"Ndiyo. Lakini nikisema atakuja," Sponji alisema, na alikuwa ameacha kung'oa. "Atakuja kwa sababu nimesema. Mimi sitaki aje kwa sababu hiyo."

Dada akachukua koleo la pili na kupiga magoti upande mwingine wa kochi.

Kitambaa cha kijani kilitoka, na chini yake cha kahawia, na chini yake cha maua ambacho wote wawili walikuwa wamekisahau. Ikafuata pamba iliyokauka, halafu mikanda, halafu mbao zenyewe, nyeusi kwa umri. Zilikuwa na jambo moja ambalo Sponji hakulitegemea. Upande mmoja ulikuwa mtupu. Upande wa pili bado ulikuwa na chokaa ya buluu, imepauka lakini ipo. Yule mama wa kiwanda cha sabuni alikuwa amepaka rangi chumba chake. Sponji hakuwahi kupaka. Kwa hiyo kila ubao ulikuwa unaonyesha upande wa nani ni upi.

Hazikutosha ukuta. Zilitosha mlango. Sponji alizipigilia kwenye ile fremu tupu ya kuingilia stoo, buluu ikitazama karakana, na hakuziba nafasi zilizokuwa kati ya ubao na ubao. Kisha akamkalisha dada yake chini, mgongo kwenye mbao.

"Teremka kidogo. Yeye ni mfupi."

"Mimi ni mkubwa wako, unanipimisha kama kitambaa."

"Hapo. Usitikisike." Akachora alama ya chaki pale kisogo cha dada kilipogusa. "Kichwa chake kilikuwa hapa."

Mwangwi aliitwa aje na maiki zake zote. Walianza na ile ya utepe, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameshaamini kwamba ndiyo yenyewe. Haikufaa. Mbao zilikuwa zimeshakula ukali wote wa nyuzi, na maiki ile pole ikaongeza upole juu ya upole, ikawa kama mtu anayezungumza na blanketi mdomoni. Ile ya jukwaani, ambayo hutaka kitu kiwe karibu kabisa, ilisikia kidogo sana.

"Kidogo sana," alisema Mwangwi, akijirudia mwenyewe, akakuna kidevu. "Leta ile ya fedha."

"Ile si inachoma?"

"Inachoma ikiwa mbele. Hapa mbao zimeshaumenya ukali. Kinachobaki ni kichache, kwa hiyo kinataka sikio kali la kukiokota."

Wakaifunga ile ya kwanza, ile iliyokataliwa kabla ya zote, mbele ya alama ya chaki. Mchonga funguo aliombwa apumzishe tupa, akakubali, akaja kusimama mlangoni. Sponji aliingia stoo, na mbao mbili za chini zikapigiliwa nyuma yake. Ndani hamkuwa na sponji wala mahameli, ni kuta tupu, stuli, na mwanga uliopenya kati ya mbao. Kwa mara ya kwanza tangu ujana alikuwa anapiga nyuma ya mbao, bila kuona atakayesikiliza.

Alipiga polepole. Mahali pale anapokosea alikosea, kama alivyokosea siku zote, kwa sababu kidole chake cha tatu ni kifupi na wimbo aliutunga kabla ya kujua hilo. Upande wa karakana dada aliinua mkono kuelekea kwenye mbao. Kisha akaushusha bila kugonga. Wimbo ukaendelea hadi mwisho.

Waliposikiliza, hakuna aliyesifu. Ilikuwa sauti ya mtu aliye karibu ambaye humwoni. Mwangwi alikunja waya wake taratibu na kusema tu kwamba maiki hiyo ibaki, benchi atalingoja.

Safari hii mke hakutuma ujumbe. Alipiga simu, mchana wa siku ya pili. Sponji alipopokea, kabla ya neno lolote kikasikika kitu kigumu kikigongwa mara mbili, pengine ubao wa kitanda.

"Ukuta umeutoa wapi?" mkewe aliuliza.

"Ulikuwa ndani ya kochi."

"Kochi lipi?"

"Lako."

"Lile la kijani?"

"Ndiyo."

"Umelivunja."

"Ndiyo, mama."

Dada akasimamisha cherehani.

"Sasa mimi nikija," mke alisema, "nitakaa wapi?"

Sponji hakuwa na misumari mdomoni, na bado ilimchukua muda. "Nitatengeneza jingine."

"Lini?"

"Kabla ya Ijumaa."

"Haya," alisema. Nyuma yake kengele ilianza kulia. "Bibi ananiita." Akakata.

Dada alikuwa ameshika ukingo wa kitambaa bila kukishona. "Amesemaje?"

"Ameuliza atakaa wapi."

"Mtu asiyekuja haulizi kiti."

"Labda anatania. Unamjua wifi yako."

"Namjua. Anatania kila siku. Lakini mtu anayetania haulizi lini."

Sponji hajampigia mkewe kumuuliza maana yake, na anasema hatampigia. Mbao za buluu bado ziko mlangoni, na kuingia stoo sasa ni lazima kwanza kung'oa mbili za chini. Jana alinunua mbao mpya, akazipanga mezani, akachora kochi la watu watatu lenye mikono minene na miguu mifupi. Dada amechagua kitambaa; ni cha kijani, si kilekile. Kochi litakuwa tayari Alhamisi. Ijumaa mkewe atawapa waajiri wake jibu.